Njia ya watalii kijijini Lushoto: kuipima, kuichimba na kuitunza

Kijiji kikishaamua kupokea watalii, fedha za mwanzo huenda kwenye bango na vibanda. Sisi tungeanza na njia. Milima ya Usambara ina miteremko mikali na udongo mwekundu unaobebeka upesi. Njia iliyopimwa vibaya hugeuka mfereji ndani ya masika moja, na udongo wake huishia kwenye kijito kile kile mnachochota maji na kumwagilia kabichi.

Mambo ya vibali msiyaruke. Njia itapita kando ya mashamba ya watu, kwa hiyo halmashauri ya kijiji ilifikishe jambo hili kwenye mkutano mkuu, na kila mwenye shamba aridhie mwenyewe. Ikigusa msitu wa hifadhi, kama Magamba, mwenye mamlaka ni TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Msifyeke hata kichaka kabla ya kibali. Ada na faini ziandikwe kwenye sheria ndogo, zipite mkutano mkuu kisha halmashauri ya wilaya, la sivyo mkorofi wa kwanza atagoma kulipa na hamtakuwa na la kumfanya.

Sasa kipimo. Wakulima wengi wa Lushoto wanaijua fremu ya A, inayotumika kuchora makingamaji mashambani. Fungeni miti miwili iliyonyooka kichwani, muitanue mpaka miguu iachane mita 2, kisha mfunge mti wa tatu katikati kwa mlalo. Kichwani ning'inizeni kamba yenye jiwe. Simamisheni fremu, wekeni alama kamba inapogusa mti wa mlalo. Geuzeni miguu ibadilishane nafasi pale pale, wekeni alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Halafu, fremu ikiwa kwenye usawa, ingizeni gogo la sentimita 20 chini ya mguu mmoja na mtie alama pale kamba ilipohamia: huo ni mteremko wa asilimia 10. Fanyeni hivyo na mguu wa pili.

Tembezeni fremu mlimani mkipigilia vigingi kila hatua chache. Kamba ikivuka alama ya asilimia 10, hapo pamezidi, zungukeni. Kuna sharti la pili ambalo wengi hulisahau: mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa mlima wenyewe. Mlima ukishuka kwa asilimia 14, njia isizidi 7. Ikizidi, maji huona njia ndiyo mkondo mfupi wa kushukia, yanaifuata hadi chini. Sehemu tambarare zinadanganya zaidi kuliko genge, maana hakuna upande wa kuyatoa maji. Yanatuama, wageni wanakwepa tope, na njia ya hatua moja inakuwa uwanja.

Upana wa sentimita 80 unatosha. Chimbeni kuingia mlimani hadi mkanyage udongo mgumu; msijaze kifusi upande wa bonde mkadhani kitashika, kitamomonyoka na mtu juu yake. Ukingo wa bondeni uwe chini kwa sentimita 4 kuliko ule wa mlimani, ili maji yakatize njia badala ya kuifuata. Kila mita 10 hadi 15 njia ipande kidogo kisha ishuke tena. Bonde hilo dogo hutema maji lenyewe. Mahali ambapo haiwezekani, wekeni kingamaji la mawe lililolala kwa mshazari, kama nyuzi 45, na mdomo wake utokee kwenye nyasi, kamwe si kwenye shamba la jirani. Likiwekwa kwa kukatiza moja kwa moja hujaa mchanga, maji huruka juu, na watu hupita pembeni. Zibueni kila Februari na kila Septemba, kabla ya masika na vuli.

Pale njia inapopanda kwa kujipinda na kurudi, wageni watakata kona wakiona njia ya chini. Acheni vichaka kati ya kipande cha juu na cha chini cha njia, au pangeni mawe makubwa. Vichochoro vya wenyeji vinavyopanda wima viacheni kwa wenyeji. Mwenye tenga la kabichi kichwani hana haja ya mandhari.

Kundi lisizidi wageni 8 kwa mwongozaji mmoja, na makundi yaachane nusu saa. Baada ya mvua kubwa fungeni njia mpaka kisigino kisiache shimo. Kupoteza wageni wa siku moja ni nafuu kuliko kuchimba upya. Vinyonga watazamwe matawini. Mwongozaji anayemshika kinyonga ili mgeni apige picha anamchosha mnyama, na kesho kila mgeni atadai hivyo hivyo. Maua ya Saintpaulia, yale madogo ya zambarau yanayoota porini Usambara, yana mizizi mifupi kwenye nyufa za miamba yenye kivuli. Njia ipite mbali nayo hatua kadhaa, yaonekane bila kufikiwa.

Choo na jiko viwekwe mwanzo wa njia, mbali na kijito zaidi ya mita 60 ambazo ndani yake Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, na choo kisiwe juu ya chemchemi. Mpikie gesi. Kuni za wageni wa wiki moja zinamaliza matawi makavu ambayo kina mama wangeokota.

Ada igawanywe kabla ya kuliwa. Tuseme mgeni analipa shilingi 10,000: 3,000 ziingie fungu la njia, kwa stakabadhi, zisiguswe kwa posho za vikao.

Mwisho, pigilieni vigingi viwili, kimoja kila upande wa njia, sehemu tano tofauti, mvute kamba iliyonyooka kati yake na mpime kina kutoka kwenye kamba hadi katikati ya njia kila baada ya masika. Kina kikiongezeka zaidi ya sentimita 3 kwa mwaka, njia imeshindwa hapo, hamisheni. Ya zamani tifueni, pandeni nyasi, na mzibe kwa matawi mita zote zinazoonekana kutoka kwenye njia mpya, maana wageni hufuata wanachokiona.