Kimbunga Kikiwa Bado Baharini: Namna ya Kufuatilia Upepo Mkali Tukiwa Tanga

Vimbunga havizaliwi Tanga. Tupo nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na hapa nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupinda upepo mpaka ukazunguka ni ndogo mno. Vinavyotuhusu huzaliwa mbali, kusini-mashariki, juu ya maji yenye joto la nyuzi 26.5 na zaidi, na vingi hufia baharini, Madagaska au Msumbiji. Vichache hupanda pwani yetu. Aprili 1872 kimoja kiliipiga Unguja na Bagamoyo, kikang'oa mikarafuu na minazi, kikazamisha merikebu za Seyyid Barghash na kubomoa majengo ya misheni. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya kikatua Mafia. Miezi hiyo ni ya tanga mbili: kaskazi imekwisha, kusi haijashika sawasawa, na bahari imetoka kupashwa joto msimu mzima. Kundi la wapenda hali ya hewa lianze kazi mapema Machi. Likingoja mpaka jina la kimbunga litajwe redioni, halitakuwa na namba za kulinganishia.

Baromita, na saa zake

Kipimo kinachoaminika kuliko vyote mikononi mwa mtu wa kawaida ni mgandamizo wa hewa, unaosomwa kwa baromita. Baadhi ya simu zina kihisi chake, na programu ya bure inatosha kukisoma. Tatizo ni kwamba huku tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku bila dhoruba yoyote. Hufika kileleni mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka chini kabisa mnamo saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Kati ya kilele cha asubuhi na bonde la jioni tofauti hukaribia hektopaskali 3 (hektopaskali ndicho kizio cha mgandamizo). Mgeni akisoma 1012 asubuhi na 1009 jioni hudhani kuna jambo, kumbe ni pumzi ya kila siku ya anga.

Kwa hiyo msilinganishe asubuhi na jioni. Linganisheni saa nne ya leo na saa nne ya jana, na zote mbili na wastani wa saa nne wa siku kumi zilizopita. Mabaharia wana kanuni ya zamani inayofaa hapa: namba ikiwa chini ya kawaida ya saa hiyo kwa hektopaskali 3, shukuni, ikiwa chini kwa 5, dhoruba ipo jirani. Bila siku kumi za kumbukumbu kanuni hiyo haina pa kushika, ndiyo maana tunasema Machi.

Mambo mawili huharibu kumbukumbu. La kwanza ni urefu wa mahali. Kupanda mita 8 hupunguza hektopaskali 1, hivyo anayesoma ghorofa ya tatu Chumbageni hawezi kulinganishwa na aliye ufukweni Sahare. Kila mmoja achague mahali pamoja, meza moja, asihame. Hatutafuti namba sahihi kama ya uwanja wa ndege, tunatafuta badiliko. La pili ni programu inayojirekebisha yenyewe kwa kutumia GPS. Zimeni urekebishaji huo, maana siku GPS ikikosea urefu kwa mita 20, mtaona mgandamizo umeporomoka kwa zaidi ya hektopaskali 2 wakati hewa imetulia.

Upepo unatoka wapi

Hapa ndipo Tanga ina hatari yake ya pekee, na hapa tungependa kila kundi likae kwa muda.

Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Simama uupe upepo mgongo: kitovu kiko upande wa mkono wako wa kulia. Sasa chukua kimbunga kinachokuja kutoka kusini-mashariki kuelekea Mafia au Dar es Salaam. Tanga iko kaskazini-magharibi mwake, kwa hiyo upepo wetu utatoka kusini-magharibi, yaani nchi kavu. Upepo wa bara huyalaza maji ya karibu na ufuko. Mtu akisimama pwani ya Deep Sea au Mwambani ataona bahari imetulia kuliko jana, na nahodha atasema hali njema. Akishatoka maili chache, upepo huohuo unamsukuma nje kuelekea mkondo wa Pemba, na kurudi ni kupanda upepo. Maji yanayoingia nyumba za pwani huja upande wa kusini wa kitovu, ambako upepo unatoka baharini. Upande wetu wa kaskazini, kitu cha kwanza kuhofia ni chombo kidogo kupeperushwa nje.

Mwelekeo ukibadilika unaeleza njia ya kitovu. Ukitoka kusini-magharibi ukageukia magharibi, kinapita kusini yetu. Ukigeukia kusini kisha kusini-mashariki, kinapita kaskazini. Hilo ni nadra, lakini likitokea maji yatakuja pwani ya Tanga na Pangani. Mwelekeo usipobadilika huku baromita inashuka na upepo unaongezeka, kinakuja moja kwa moja.

Kupima mwelekeo hakuhitaji mashine. Utepe wa kitambaa chepesi, nusu mita, juu ya mti wa mita 3 mahali pa wazi, unatosha kabisa. Dira ya simu msiisome karibu na bati au gari, chuma huipotosha. Kasi ni ngumu zaidi. Vipimo rasmi huchukuliwa mita 10 juu ya ardhi, mahali ambapo kizuizi chochote kiko mbali kwa mara 10 ya kimo chake. Kipimaupepo cha mkononi, mita 2 juu ya uwanja wazi, husoma kama robo tatu tu ya kasi hiyo: ukiona 30, andika 30 na kando yake uandike "mkononi". Tena tenganisheni wastani wa dakika 10 na mkupuo, yaani kasi ya juu kabisa ya sekunde chache. Ugomvi mwingi ndani ya makundi huanzia hapo, mmoja katuma wastani, mwingine mkupuo.

Ramani na taarifa

Kituo cha kanda yetu kinachofuatilia na kuvipima vimbunga kiko kisiwa cha La Réunion. Dhoruba hupewa jina upepo ukifika noti 34 (kilomita 63 kwa saa) na huitwa kimbunga kamili ukifika noti 64 (kilomita 118). Wao hutumia wastani wa dakika 10. Kituo cha wanamaji wa Marekani, JTWC, hutumia wastani wa dakika 1, ndiyo maana namba zao huwa juu kwa dhoruba ileile. Msichanganye hizo mbili kwenye jedwali moja, na kila namba iandikwe na kizio chake. Noti 60 si kilomita 60 kwa saa, ni 111.

Mifano ya kompyuta inayobashiri hali ya hewa huanza hesabu mara nne kwa siku, kwa saa zetu saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Wa Marekani, GFS, hukamilika saa tano hivi baadaye. Wa Ulaya, ECMWF, huchukua kama saa saba. Hivyo mzunguko wa saa tisa usiku unakuwa mezani mnamo saa nne asubuhi, na ule wa saa tisa alasiri mnamo saa nne usiku. Ni saa zilezile za kilele cha baromita. Fanyeni kikao cha kundi saa hizo mbili, someni ramani na baromita pamoja, kisha mlale.

Zaidi ya siku tano mbele, msitazame mstari mmoja wa njia. Tazameni mkusanyiko wa njia 50 na ushee. Zikitawanyika kutoka Msumbiji hadi Mombasa, hakuna cha kumwambia mtu. Hata zikikubaliana, dhoruba inaweza kufa: Jobo, Aprili 2021, kilielekea Dar es Salaam kikafifia njiani kwa kukatwa na upepo wa juu na kuvuta hewa kavu. Kabla ya kila ramani ya njia, fungueni ramani ya tofauti ya upepo kati ya chini na juu ya anga. Ikiwa kubwa, kimbunga huenda kikafifia, punguzeni sauti.

Mawimbi marefu kwa kawaida hutangulia kimbunga, lakini kwa Tanga dalili hii ni hafifu, kwa kuwa Pemba imekaa mbele yetu kama ngao. Tafuteni mwenzenu wa Paje, Makunduchi au mashariki ya Pemba. Ahesabu mawimbi 11 yanayovunjika mwambani na apime muda kutoka la kwanza hadi la mwisho, agawe kwa 10. Sekunde 6 hadi 8 ni mawimbi ya upepo wa jirani. Sekunde 12 na kuendelea, huku upepo umetulia, kuna kitu mbali baharini.

Ujumbe mmoja unavyokaa

*Raskazone, mita 2. Alhamisi saa 4:00 asubuhi. Hektopaskali 1009.4, jana saa hii 1011.9, wastani wa siku 10 ni 1012.2. Upepo kusini-magharibi, 28 mkononi, mkupuo 41 km/saa. Mawingu ya nyuzinyuzi yanatoka kusini-mashariki. Maji yanajaa saa 10:10 jioni, bamvua.*

Mahali, siku, saa, kizio, na hali ya maji. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: siku hizo maji yetu hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na upepo wa baharini ukikutana na saa hiyo ndipo ukuta wa pwani unapopitwa. Ujumbe wa sauti usio na tarehe usisambazwe kabisa. Ramani za Hidaya bado zinazunguka kwenye simu za watu, na mtu akitumiwa leo hataona kuwa ni za 2024.

Tahadhari yenyewe ni kazi ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kundi lisitoe rangi yake. Pelekeni ya TMA ilivyo: njano angalizo, chungwa tahadhari, nyekundu tahadhari kubwa, pamoja na saa iliyotolewa. Mnachoongeza ni kile mlichokipima mtaani, kwa lugha ya anayepelekewa. Mwenyekiti wa mtaa na mzee wa diko wapigiwe simu, si kutumiwa picha. Mwambieni nahodha: "Mzee, upepo unatoka bara na unaongezeka, bahari ya karibu imelala lakini nje imechafuka, baromita imeshuka tatu tangu jana."

Saa 24 za mwisho

Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi. Kutoka kilomita 40 kwenda 80 kwa saa ni mara nne. Upepo wa kilomita 100 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 48, na kwenye kingo za paa mvuto huzidi hapo. Kagueni kwanza mstari wa chini wa mabati na pembe za paa, misumari iliyolegea na papi zilizooza. Msimpandishe mtu upepo ukishafika 40. Paa la makuti lifunikwe nyavu chakavu zilizofungwa kwenye nguzo. Angueni nazi za minazi iliyo karibu na nyumba.

Ngalawa zivutwe juu ya alama ya bamvua, mlingoti ushushwe. Vyombo vikubwa viingie kwenye hori lenye mikoko. Atakayebaki nangani atoe kamba mara 7 ya kina, na kina kihesabiwe maji yakiwa yamejaa, kwani hapa kujaa na kupwa siku za bamvua hutofautiana kwa zaidi ya mita 3. Simu na betri za akiba zijazwe kabla umeme haujakatika. Namba ya Zimamoto, 114, iandikwe ukutani.

Upepo ukikatika ghafla na baromita iko chini kabisa, huenda ni jicho, na utarudi kutoka upande wa pili. Asitoke mtu. Someni baromita kila nusu saa. Ikipanda mfululizo kwa masomo manne na mwelekeo umeshageuka, mkupuo wa mwisho bado unaweza kuja. Vyombo visishushwe mpaka TMA iondoe tahadhari na namba yenu irudi ndani ya hektopaskali 1 ya wastani wa saa hiyo.