Kubadilisha waya wa mota ya umeme kwenye mashua ya kuvulia

Mota yangu ya mbele ilikuwa ikichoka kila ifikapo saa nne asubuhi. Nikalaumu betri, nikanunua nyingine, nayo ikachoka saa nne na nusu. Siku moja pale Naivasha nikiwa kando ya mafunjo nikisaka samaki aina ya besi, kiboko akapumua karibu. Nikaongeza mwendo, mota ikanung'unika tu. Nikashika waya: moto! Kumbe hela nilizomwaga kwenye betri zilitakiwa ziende kwenye shaba.

Betri yangu iko nyuma kusawazisha uzito, mota iko mbele. Waya ni mita 5 kwenda na 5 kurudi, kwa hiyo hesabu ni mita 10. Hiyo ya kurudi ndiyo watu husahau.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua chochote. Funga mashua gatini kwa kamba imara, propela ndani ya maji, kasi ya mwisho. Pima volti kwenye vichwa vya betri, kisha pale waya unapoungana na mota. Nilipata 12.1 na 10.6. Volti 1.5 zinapotea njiani. Kwa ampea 50 hizo ni wati 75 za kuchemsha waya.

Hatua ya 2: Chagua unene. Zidisha 0.0175 kwa mita zote, kisha kwa ampea, ugawanye kwa unene wa shaba kwa milimita mraba; jibu ni volti zinazopotea. Waya wangu wa zamani ulikuwa milimita mraba 6. Wa 16 unapoteza volti 0.55 hivi, wa 25 unapoteza 0.35. Wa 25 ni mzuri zaidi ila kuupinda ni kazi, nikachukua 16.

Jihadhari dukani. Waya mnene wa bei poa, ule wa redio za magari, mara nyingi ni aluminiamu iliyovikwa shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, rudisha.

Hatua ya 3: Fungua nyaya za betri, hasi kwanza. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho.

Hatua ya 4: Weka breka (swichi inayojikata umeme ukizidi) ya ampea 60 kwenye chanya, isizidi sentimita 18 kutoka kwa betri. Breka inalinda waya usiungue, na kipande kilicho kabla yake hakina ulinzi wowote. Ndiyo maana kiwe kifupi.

Hatua ya 5: Bana lagi, yaani kile kichwa cha kuungia ncha ya waya, kwa koleo lake. Nyundo hapana, hata kama fundi wako anaapa. Vuta kwa nguvu. Ikichomoka, afadhali ichomokee nchi kavu. Funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto.

Hatua ya 6: Pitisha waya mbali na tangi la petroli, ufunge kila sentimita 45, na kila tundu unamopita liwe na mpira.

Hatua ya 7: Pima tena. Nilipata 12.2 na 11.6.

MASWALI

Fundi, kwa nini usichomelee lagi kwa risasi?
Risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu. Mtikisiko wa mashua huzikata pale ugumu unapoishia. Bana vizuri, inatosha.

Naweza kuunga mota kwenye betri ya kuwashia injini?
Utafika unakotaka, kurudi ndiyo shida. Betri ya kuwashia haikuumbwa kunyonywa polepole kutwa nzima. Tenga ya mota, ile ya aina ya sola.

Mimi niko Kilifi, baharini. Waya huohuo?
Hapana, ndugu yangu. Chumvi huila shaba tupu hadi inageuka kijani ndani ya ganda. Tafuta shaba iliyopakwa bati. Hiyo nje ni nyeupe, ukikwaruza ni nyekundu, kinyume cha ile feki.

Nikiunga betri mbili nipate volti 24, waya wa 6 utatosha?
Kwa nguvu ileile ampea zinashuka nusu, kwa hiyo upotevu unashuka pia. Lakini mota iwe ya volti 24. Ya 12 ukiipa 24, utapiga kasia. Nami kasia sijaliondoa mashuani mpaka leo.