Piga hesabu ya ushuru wa kostiki soda kabla hujalipa ankara

Kiwanda cha mvinyo cha Dodoma kinachooshea matangi kwa kostiki, au cha sabuni kinachoipikia, kinaweza kuagiza kwa lori kutoka Kenya kupitia Namanga, au kwa kontena kupitia bandari ya Dar es Salaam. Bei ya muuzaji peke yake haikuambii ipi ni nafuu.

Anza na msimbo wa forodha, yaani namba ya aina ya bidhaa inayoamua kiwango cha ushuru. Kostiki kavu ni 2815.11, ya maji ni 2815.12. Mdai muuzaji karatasi ya usalama yenye namba ya CAS (namba ya kimataifa ya kutambulisha kemikali) 1310-73-2. Ikiwa ni dawa ya kuoshea iliyokwisha changanywa na viambato vingine, haimo tena kwenye sura ya 28 ya misimbo hiyo na kiwango chake ni kingine kabisa.

Kiwango kisome kwenye Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, toleo la mwaka huu wa fedha. Mabadiliko ya bajeti huanza Julai 1.

Tuseme bei ni dola 8,000, usafiri 1,500, bima 100. Thamani ya forodha ni 9,600. Kiwango kikiwa 10%, ushuru ni 960. VAT ya 18% hutozwa juu ya 10,560, si 9,600: dola 1,900.80. Tozo nyingine za forodha nazo huongezwa kabla ya VAT. Ukiwa na cheti cha uasili cha Afrika Mashariki (hati ya kuthibitisha kuwa bidhaa imetengenezwa ndani ya jumuiya), ushuru ni sifuri na VAT inashuka hadi 1,728.

Hapa ndipo wengi huumia. Cheti hufuata mahali bidhaa ilipotengenezwa, si lori lilikotoka. Kostiki ya China iliyofungwa upya Nairobi kwenye mifuko ya kilo 25 bado ni ya China, hata mfuko uwe na nembo ya Kenya. Ona cheti kwanza, ulinganishe uzito na msimbo wake na wa ankara, ndipo utume hela.

Usajili na kibali cha Mkemia Mkuu wa Serikali vishughulikie kabla mzigo haujapakiwa. Mzigo ukikwama mpakani, gharama ya kuegesha lori inameza nafuu yote ya cheti.

Msafirishaji naye atenganishe nauli: hadi Namanga, na Namanga hadi Dodoma. Ya pili haimo kwenye thamani ya forodha, lakini ikiandikwa kwa mkupuo mmoja utailipia ushuru.