Tairi la nyuma: usikimbilie pana zaidi

Kama unataka kubadilisha tairi la nyuma la pikipiki yako ya safari ndefu, soma kwanza ubavuni mwa lile la zamani. 150/70R17 maana yake upana ni milimita 150, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo (yaani 105), na rimu ni inchi 17. Ukiweka 140/80 kwenye rimu hiyohiyo, tairi ni jembamba zaidi lakini ubavu unafika milimita 112, kwa hiyo kipenyo kizima kinaongezeka kama milimita 14. Wengi hawalijui hilo mpaka kashata (vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga ardhi) zianze kukwaruza madigadi.

Pana mno nalo lina tabu zake: kwenye rimu nyembamba linabanwa, mgongo unakuwa wa duara kupita kiasi, na linaweza kugusa cheni. Mimi husema baki na saizi ya kiwandani. Kama ni mchanga na matope, badilisha aina ya kashata tu. Namba ya uzito, ile inayoonyesha mzigo ambao tairi linaweza kubeba, nayo isishuke. 69, kwa mfano, ni kilo 325, na ukibeba abiria na masanduku utazihitaji.