Kabla hujalipia jezi inayodaiwa kuvaliwa uwanjani

Wengi wanaoumia hawauziwi jezi feki. Wanauziwa jezi ya kweli, ya saizi ya mchezaji, yenye jina na namba yake, ila haijawahi kugusa mgongo wake. Timu huandaa jezi nyingi kuliko zinazovaliwa. Mchezaji mmoja anaweza kutengewa mbili kwa mechi moja. Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei, uliza: ilivaliwa mechi gani, tarehe gani, kipindi gani? Majibu yawe ya maandishi. Muuzaji anayekwepa kutaja mechi, mimi huachana naye hapo hapo.

Ukishapata tarehe, tafuta picha za mechi hiyo, kubwa na za karibu. Hapa usione uvivu, hata zikikula jioni tatu. Rangi na nembo zisikushughulishe, maana zinafanana kwa jezi zote. Tazama yasiyojirudia: mshono uliopinda, uzi uliochomoza, mistari inavyokutana ubavuni. Mimi huanza na pembe ya chini ya namba ya mgongoni, pale ukingo wake unapopita juu ya vitundu vya kitambaa. Kama kwenye picha ukingo umekata kitundu katikati na kwenye jezi umepita kando, basi si yenyewe, hata ikinuka jasho.

Jezi ya bluu ya Maradona, ya Argentina dhidi ya England tarehe 22 Juni 1986, ni mfano mzuri. Jezi zile zilinunuliwa mjini Mexico siku chache kabla ya mechi, nembo na namba zikabandikwa kwa haraka, na haraka hiyo ndiyo iliyoziacha na tofauti za kuonekana. Ilipoingia mnadani mwaka 2022, binti yake alisema ni ya kipindi cha kwanza, ilhali mabao yake yote mawili yalifungwa cha pili. Waendesha mnada walijibu kwa picha. Ikauzwa zaidi ya pauni milioni 7.

Cheti nacho kina uzito wa aliyekitoa tu. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani, tangu 2001, huweka mashahidi viwanjani wanaobandika hologramu, yaani stika inayometameta, yenye namba. Namba hiyo ihakiki mwenyewe kwenye tovuti ya ligi, usifuate kiungo cha muuzaji, na usome kama maelezo yanataja kitu hicho hicho. Saini ya mchezaji inathibitisha saini, basi.

Kwa jezi za zamani sana, beba taa ya urujuanimno (ultraviolet). Uzi unaong'aa kwenye jezi ya kabla ya Vita Kuu ya Pili ni dalili mbaya, ingawa sabuni za leo nazo huacha mng'ao, hivyo usihukumu kwa taa peke yake.

Picha zisipopatikana kabisa, lipa bei ya jezi isiyothibitishwa, na mkubaliane kimaandishi juu ya kurudisha.

Na ikifika, usiifue. Mimi nilifua moja nikidhani naitunza. Doa la nyasi begani, lililoonekana wazi kwenye picha ya mechi, likaenda na maji, na sikuwa nimelipiga picha. Siku hizi kamera hutangulia: mbele, nyuma, ndani, kila doa, kwenye mwanga wa mchana.