Namna ya kukadiria umri wa picha ya kwata ya gobore

Picha za vitabu vya kwata vya karne ya 19 huuzwa karatasi mojamoja, zimeng'olewa kitabuni, bila jalada wala mwaka. Muuzaji akiona askari kavaa kofia ndefu, anaandika "vita vya Napoleon" na kupandisha bei. Kofia iache. Sare mchoraji aliweza kuipamba apendavyo, ila mikono na mtambo wa bunduki (sehemu inayowasha baruti) vilipaswa kueleweka, maana picha ilikuwa ya kufundishia.

Hatua ya 1: Tazama upande. Mtambo wa gobore la jeshi hukaa upande wa kulia. Mkoba wa risasi huning'inia kiunoni kulia, singe kushoto. Ukikuta vyote vimegeuka, usidhani ni kikosi cha watu wa mashoto. Mchoro wa kwenye bamba la kuchapia hutoka umegeuka ukichapwa; mchongaji aliyenakili picha ya mwenzake moja kwa moja ndiye aliyemgeuza askari. Basi ulichoshika ni nakala ya picha iliyotangulia.

Hatua ya 2: Soma mtambo. Hapa usiwe na haraka. Chukua lenzi ya kukuza mara 10. Gumegume lina taya zilizobana jiwe, mbele yake kipande cha chuma kinachogongwa, na chini yake kisahani kidogo cha baruti. Bunduki ya fataki haina hayo: ina nyundo tupu na kichuchu kinachovishwa fataki, yaani kikofia kidogo cha chuma kinacholipuka kikigongwa. Waterloo, pigano la mwisho la Napoleon, mwaka 1815, Waingereza walipigana kwa gumegume. Muundo wa gobore la fataki wa Uingereza na ule wa Marekani vyote viwili vinajulikana kwa mwaka 1842.

Mara nyingi mtambo umechorwa mdogo kiasi kwamba hata lenzi haisaidii. Hapo fuata mfuatano wa vitendo. Mwenye gumegume hung'ata karatasi ya risasi (kifuko chenye baruti na risasi), humimina baruti kidogo kisahanini, hufunga, ndipo husimamisha bunduki na kumimina iliyobaki mdomoni mwa mtutu. Mwenye fataki hushindilia kwanza, hurudisha mdeki (ule ufito wa chuma) mahali pake, na fataki huivisha mwishoni. Kwa hiyo jiulize: mkono unafika kwenye mtambo kabla ya mdeki kuchomolewa, au baada ya kurudishwa? Mwongozo wa Mmarekani William J. Hardee wa mwaka 1855, unaogawa upakiaji katika vitendo 9, ni wa aina hii ya pili.

Angalizo: fataki hukupa mwaka wa kuanzia, lakini gumegume halikupi mwaka wa kuishia. Mabamba ya zamani yalichapwa tena na tena. Na kama askari anapakia kwa nyuma ya mtutu, si mdomoni, mdeki hauna kazi, umeshatoka kwenye magobore: Prussia ilichagua bunduki ya Dreyse mapema, mwaka 1841, Uingereza ikafuata na Snider mwaka 1866.

Hatua ya 3: Chunguza uchapaji. Washa tochi ya simu, uilaze ubavuni mwa karatasi. Bamba la shaba au chuma huacha mbonyeo kuzunguka picha, isipokuwa kingo zimekatwa, na wauzaji hupenda kuzikata. Litografia, yaani picha iliyochapwa kutoka kwenye jiwe bapa, haina mbonyeo huo. Mistari yake ina chembechembe kama za kalamu ya nta. Mchongo wa mbao mara nyingi hukaa ukurasa mmoja na maandishi. Ukiona vitone vilivyojipanga safu kwa safu, ni nakala ya kifotografia, na bei haina budi kushuka.

Soma pia herufi ndogo chini ya picha: *del.* hufuata jina la mchoraji, *sculp.* la mchongaji, *lith.* hudokeza litografia.

Hatua ya 4: Andika. Tumia penseli laini, nyuma ya karatasi, pembeni. Tenganisha umri wa mchoro na umri wa chapa, kila kimoja kwa makadirio ya miaka, na utaje kilichokuongoza: mtambo, mfuatano au bamba.