Jinsi ya Kubishana Barazani juu ya Filamu Bora, na Jinsi ya Kukiri Usiyoiona

Katika baraza letu la Langoni, hapa Lamu, ubishi wa filamu bora huanza baada ya sala ya isha, kahawa ikishapita mzunguko wa kwanza, na mara nyingi nimeuona ukiharibika kwa sababu ileile: mtu anatetea kwa nguvu zake zote filamu ambayo hajaiona. Maelekezo haya nimewaandikia wanaoupenda ubishi huo kama ninavyoupenda mimi na wanaotaka uwafikishe mahali.

Kabla ya kuikubali au kuikataa orodha yoyote, uliza ni nani waliopiga kura na kura hizo zilihesabiwaje. Orodha inayoheshimiwa zaidi ni ile ya jarida la Uingereza, Sight and Sound, ambalo tangu 1952 huwauliza wahakiki mara moja kila baada ya miaka kumi. Kila mhakiki hutaja filamu kumi, na kila aliyoitaja hupata kura moja, iwe aliiandika juu au chini. Kwa hiyo filamu ya kwanza ni ile iliyotajwa na watu wengi zaidi, na yawezekana kabisa kwamba wengi wao, kila mmoja peke yake, wangeiweka ya tano au ya nane. Asiyelijua jambo hili hubishana na hesabu usiku kucha akidhani anabishana na watu.

Angalia pia orodha hiyo ilivyogeuka. Citizen Kane ya Orson Welles, iliyotoka 1941, haikuwamo katika kumi bora za 1952. Baadaye ikashika nafasi ya kwanza mara tano mfululizo, tangu 1962 hadi 2002, mpaka Vertigo ya Alfred Hitchcock ilipoiondoa 2012. Mwaka huo wahakiki walikuwa 846. Mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 1,600, na ndipo Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ya 1975, ambayo miaka kumi nyuma haikuwamo hata katika thelathini za kwanza, ilipopanda hadi juu kabisa. Ndani ya filamu yenyewe hakikuwa kimebadilika chochote. Anayekuambia kwamba filamu fulani imekuwa ya kwanza siku zote, mwulize ni siku zipi, na waliulizwa akina nani.

Orodha ya mtandao wa IMDb, ambako The Shawshank Redemption ya 1994 imekaa kileleni kwa miaka mingi, ni kitu kingine, kwa kuwa kura zake hupigwa na watazamaji wa kawaida. Usiichukue hoja ya orodha moja ukaitumia kuivunja nyingine.

Jambo gumu zaidi ni kusema "sijaiona". Sisi watu wa Lamu tunapaswa kulijua vizuri, maana wako wengi wanaousifu utenzi wa Al-Inkishafi kwa moyo wote ilhali hawajapata kuusoma beti kwa beti hadi mwisho. Filamu za sifa ni vivyo hivyo: mtu ameona kipande cha dakika mbili kwenye simu, au amesimuliwa kisa cha yule baba wa Roma aliyeibiwa baiskeli, na baada ya miaka anaamini ameiona. Tenganisha basi mambo matatu, nayo ni uliyoiona yote, uliyoiona kipande na uliyosimuliwa, kisha utaje ni lipi kabla hujatoa hoja. Wanaosikiliza nao wana wajibu wao: anayekiri asichekwe, wala asifichuliwe mwisho wa filamu. Akichekwa leo, kesho atadanganya.

Ukishakiri, acha kutaja nafasi na utaje kilichoonekana. Nitaeleza kwa mfano. Mzee mmoja wa barazani kwetu, aliyeiona Sholay, filamu ya Kihindi, ujanani na hajaacha kuizungumza, alikataa kabisa kwamba Jeanne Dielman, filamu ya mama anayemenya viazi na kuosha vyombo kwa dakika 201, inaweza kuwa bora kuliko zote. Kijana mmoja alianza kumhesabia kura za wahakiki, na mzee akamgeuzia uso. Mimi nilimwambia, "Ami, ile Sholay nayo ni ya 1975, na nayo ni ya zaidi ya saa tatu. Nikumbushe yule mjane wakati wa jioni." Akatulia, kisha akaanza kueleza taratibu, mkono wake ukionyesha hewani: Radha, mjane huyo, anapita ukumbini akizima taa moja baada ya moja, na huko chini Jai, kijana anayempenda, amekaa anapuliza kinanda cha mdomo, wala hakuna anayesema neno. Ndipo nikamweleza kwamba Jeanne naye huzima taa kila anapotoka chumbani na kuiwasha kila anapoingia, na kwamba mtazamaji akishaizoea desturi hiyo hushtuka kwa kosa dogo tu, kama viazi vilivyoachwa jikoni vikapita kiasi. Mzee hakukubali. Aliniuliza, "Kwani anaishi na nani huyo?" na swali hilo kwangu lilikuwa na thamani kuliko kukubali kwake.

Orodha yako mwenyewe iandike, iwe ya filamu kumi ulizoziona zote, na usione haya ikijaa za Kihindi. Hata hivyo tafuta na zile zilizo karibu nasi zaidi kuliko tunavyodhani: katika mia bora za 2022 zilikuwamo La Noire de... ya Ousmane Sembène (1966) na Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty (1973), zote za Senegal, na kutoka Afrika Mashariki haikuwamo hata moja, jambo linalostahili usiku wake peke yake.

Wakiafikiana wenzako kuitazama Jeanne Dielman, msiimalize kwa kikao kimoja. Kisa chake ni cha siku tatu, basi kigawanyeni kwa siku tatu baada ya isha, maandishi ya tafsiri yakiwa makubwa ili wazee wayasome, na anayeyasoma haraka awasomee wengine kwa sauti ya chini. Usiku wa kwanza na wa pili kahawa inywewe na watu waende zao. Ubishi uanze usiku wa tatu, na mzee azungumze kwanza.